Tapeti kava ya Corolla 110: shajara ya kuziba oili nyumbani, Gungu, Kigoma

Jumamosi, 5 Julai

Naanza kuandika leo kwa sababu nimechoka kukisia. Ni mwezi wa tatu sasa Corolla yangu, 110 yenye injini ya 5A, inakunywa oili. Nikienda Simbo kufuata mawese mara mbili au tatu, stiki ya kupimia oili inarudi imelowa kwenye ncha tu. Nikipanda kile kilima cha kutoka stesheni kwenda Mwanga nikiwa na madumu nyuma, harufu ya oili inayoungua inajaa ndani ya gari. Juzi mama mmoja wa Ujiji alifungua dumu, akanusa, akanitazama. Mawese hushika harufu upesi, na mimi biashara yangu yote ni mawese.

Fundi wa kwanza aliniambia ringi za pistoni zimekwisha, injini ifunguliwe. Wa pili alipaka silikoni nyekundu kwa nje kuzunguka tapeti kava yote, yaani mfuniko wa juu wa injini, akachukua pesa yake. Silikoni ilishika wiki moja.

Leo nimekaa na gari mwenyewe. La kwanza, bomba la moshi. Ringi zikiisha, oili inaungua ndani ya silinda na moshi wa buluu hutokea nyuma. Nilimwambia mdogo wangu akanyage mafuta huku mimi nimechuchumaa nyuma na karatasi nyeupe: hakuna moshi wa buluu, karatasi ina masizi makavu tu. La pili, nikafungua boneti injini ikiwa imepata moto. Moshi unatoka kwenye manifoldi ya ekzosti, yale mabomba ya moto yanayotoa moshi kwenye injini, na juu yake, ubavuni mwa hedi, yaani kichwa cha injini, kuna mchirizi mweusi unaong'aa ulioanzia pale tapeti kava inapokalia. La tatu, nikachomoa waya ya plagi ya silinda ya pili. Kofia yake imetoka imevimba, inadondosha oili.

Kwa hiyo si ringi. Ni gasketi ya tapeti kava, pamoja na zile sili ndogo zinazozunguka mashimo ya plagi. Nimepumua. Kufungua injini nzima kungenila mtaji wa miezi.

Jioni nimeenda madukani Mwanga. Nimepata gasketi kubwa na sili 4 za mashimo ya plagi. Mipira inayokaa chini ya nati za juu haikuwepo, nikaona ya zamani itatosha.

Jumapili, 6 Julai

Jirani yetu wa nyumba ya tatu ni mzee aliyefanya kazi ya injini za meli mpaka alipostaafu. Asubuhi nilimfuata nikamwomba aje asimamie tu, asishike kitu. "Mwakeye, mwanangu," akanisalimu, "nitakaa kwenye kigoda." Akaja na kigoda chake akakiweka chini ya mwembe, hatua mbili kutoka kwenye gari.

Injini lazima iwe ya baridi. Nimefungua waya hasi ya betri. Waya 4 za plagi nimezifunga plasta na kuandika namba kabla ya kuchomoa, kwa maana injini hii inachoma kwa mpangilio wa 1-3-4-2, na ukibadilisha mbili tu inakataa kutulia. Kisha mipira miwili ya hewa inayoingia kwenye tapeti kava: mmoja unaenda kwenye bomba la eakilina, yaani chujio la hewa, mwingine unaanzia kwenye kivalvu kidogo na kuishia kwenye manifoldi ya hewa, inayoingiza hewa kwenye injini. Huo wa pili ulikuwa mgumu kama mti. Niliupindapinda mpaka ukatoka, nikauweka pembeni bila kuufikiria tena. (Naongeza baadaye: kosa hilo limenigharimu wiki, kama inavyosomeka huko mbele.)

Kabla ya kugusa plagi mzee alinizuia. Shimo la silinda ya pili lilikuwa na oili kama vijiko vitatu, imeizamisha plagi hadi shingoni. Ukiifungua hivyo, oili yote inashuka ndani ya silinda. Tulinunua bomba la sindano na mpira wa dripu duka la dawa, tukainyonya kidogo kidogo, kisha tukamalizia kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti. Ndipo plagi ikatoka.

Tapeti kava ya 5A inashikwa na nati 4 tu, zile zenye kofia, zimejipanga juu. Zilikuwa zimekazwa na mtu mwenye hasira. Moja ilitoa mlio kama wa bunduki ilipoachia, nikadhani stadi, kile chuma chenye nyuzi kinachoshika nati, imekatika. Haikukatika.

Mfuniko ulikataa kunyanyuka. Silikoni nyekundu iliushika pande zote. Mdogo wangu alileta bisibisi bapa ili aubandue, mzee akainuka kwenye kigoda kwa mara ya kwanza. Ukingo ule wa aluminiamu ukikwaruzwa, alisema, oili imepata njia ya kudumu. Tulitumia mpini wa nyundo wa mbao, tukagonga ubavuni taratibu, huku na huku, kama unavyougonga ugali utoke kwenye bakuli. Ukaachia.

Hapa nataka kueleza nilichokiona, maana nilikitazama muda mrefu. Gasketi ya zamani haikuwa mpira tena. Ilikuwa nyeusi, ngumu, inang'aa, na nilipoivuta ilikatika vipande vidogovidogo kama ukoko wa wali uliokaa sufuriani tangu jana. Kona moja haikuwepo kabisa, mahali pake palikuwa na donge la silikoni. Mpira wa gasketi huzeeka kwa joto: unapoteza ulaini, hausukumi tena dhidi ya chuma, na oili inapita palepale mpira ulipokalia. Chini ya mfuniko kulikuwa na utando wa kahawia, lakini kamshafti zote mbili, zile shafti zinazofungua valvu, ziling'aa, hazina mkwaruzo. Niliposema "Alhamdulillahi" mzee alicheka.

Kilichonitisha ni nyuzi za silikoni. Zilikuwa zinaning'inia kwa ndani, nyingine zimekatika zinaelea kwenye vidimbwi vya oili karibu na mashimo ya kurudishia oili chini. Uzi kama ule ukishuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, unaenda kukaa kwenye chujio la pampu, na pampu ikikosa oili, injini imekufa. Nilizitoa kwa kibano cha nyusi, moja moja, nikahesabu 23. Mashimo yale nimeyaziba kwa vitambaa safi, vikubwa, visivyoweza kutumbukia vikasahaulika.

Giza likatukuta. Tumefunika hedi kwa shuka safi na mfuko wa nailoni. Kiangazi hiki vumbi la Gungu linaingia hata kwenye sukari.

Jumatatu, 7 Julai, Sabasaba

Siku nzima ni usafi. Asiyewahi kufanya kazi hii atadhani kazi ni gasketi, kumbe gasketi inakaa kwa dakika 10 na kusafisha kunakula saa 5.

Mfuniko tuliuosha kwa mafuta ya taa na brashi ya zamani ya meno. Silikoni tuliikwangua kwa kipande cha mbao ya msonobari nilichokichonga kama patasi, kisha kwa kucha. Mfereji unaopokea gasketi ulikuwa umejaa uchafu uliokauka, huo tuliuchokonoa kwa njiti za meno mpaka chuma kikaonekana. Mwisho nikapangusa kingo zote, za mfuniko na za hedi, kwa kitambaa chenye thina kidogo. Kitambaa kikitoka na weusi, narudia. Nilirudia mara 6.

Wakati tunakwangua, mzee alituhadithia habari ya Liemba, kwa sababu mikono yetu ilikuwa imejaa grisi. Meli ile iliundwa Ujerumani, ikaletwa vipande vipande, ikaungwa hapahapa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isichukuliwe na adui, lakini kabla ya kuizamisha wahandisi walizipaka mashine zake grisi nzito. Waingereza waliinyanyua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiwa Liemba. Mzee anaamini kabisa kwamba ile grisi ndiyo iliyoiokoa, na kila aliponikuta napitisha kitambaa haraka haraka alisema, "Wale walikuwa wanaizamisha, na bado walipaka vizuri."

Tuliweka mfuniko juu ya kioo cha dirisha kuona kama umepinda. Haukucheza, haukuacha nafasi. Sili za mashimo ya plagi zimeingia kwa kusukumwa na soketi yenye upana unaolingana nazo, huku nikihakikisha haziendi upande. Gasketi kubwa nimeibonyeza kwenye mfereji wake kwa vidole kuanzia kona, bila kuivuta, maana mpira ukivutwa hurudi ulikotoka.

Silikoni nilikataa kabisa. Nilikuwa nimeichukia. Nilisema gasketi mpya, chuma safi, inatosha, na mzee wakati huo alikuwa ameenda kuswali Adhuhuri.

Nati nimezirudishia kwa mkono, kisha kwa spana ndogo, nikikaza kila moja kidogo na kuhamia nyingine. Plagi zimekazwa Nm 18 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza) kwa spana ya kupimia ya mzee, lakini spana ile inaanzia Nm 15, na nati za tapeti kava hazifiki hata Nm 10. Nati za tairi za gari hilihili zinataka karibu Nm 103. Kwa hiyo hapa unashika spana karibu na kichwa, kwa vidole viwili, na pale inapokataa kidogo unaacha.

Gari limewaka mara ya kwanza. Mlio safi, halimisi. Tumelala tukiwa na furaha.

Jumamosi, 12 Julai

Linavuja.

Nimeenda Simbo na kurudi na madumu 8. Kilimani harufu ikarudi. Si nyingi kama zamani, lakini ni ileile. Mashimo ya plagi ni makavu, hiyo kazi imeshika. Ila kwenye kona moja ya mbele oili inatoka, na kuzunguka nati mbili kuna duara la unyevu.

Mdogo wangu alitaka kukaza. Nami mkono uliniwasha, nakiri. Mzee alikuja, akasema nisiguse spana, niende dukani ninunue poda ya mtoto.

Tulisafisha injini yote ya juu kwa mafuta ya taa, tukaikausha, tukanyunyiza poda kuzunguka tapeti kava mpaka ikawa nyeupe kama andazi lililopakwa unga. Nikaendesha hadi Mwandiga na kurudi. Nilipofungua boneti niliona kitu ambacho nisingekiona kwa macho matupu: poda ilikuwa nyeupe kila mahali isipokuwa mstari mmoja wa kijivu, mwembamba kama uzi, ulioanza hasa pale kofia ya kwanza ya kamshafti inapokutana na hedi, ukashuka. Na pete mbili za kijivu kwenye nati. Basi. Kila sentimita nyingine ya gasketi ilikuwa kavu.

Pale kwenye kona kuna maungio ya vyuma viwili, na kwenye maungio kuna ngazi ndogo. Mpira wa gasketi hauwezi kujaza ngazi ile peke yake. Ndipo mahali pa tone la silikoni, tone moja, si kuzunguka mfuniko mzima kama alivyofanya yule fundi, na si kutopaka kabisa kama nilivyofanya mimi.

Kuhusu nati: mzee alifungua moja akanionyesha mpira wake. Umelala, bapa, umegeuka kuwa pete ngumu. Nati zile zina mwisho wake kwenye stadi. Zikifika mwisho, kukaza zaidi hakubonyezi mfuniko, kunakata stadi. Kinachobonyeza mfuniko ni ule mpira. Nami niliurudishia uleule wa zamani.

Halafu akauliza kitu ambacho sikuwa nimekifikiria kabisa. "Injini yako inapumulia wapi?"

Tukawasha, nikafungua kifuniko cha kujazia oili. Hewa ya moto ilinipiga usoni kwa mapigo, ph ph ph, ikiwa na matone. Tukachomoa kile kivalvu cha kupumulia juu ya tapeti kava, mzee akakitikisa karibu na sikio langu. Kizima kinalia kachakacha kama njugu kavu, kwa sababu ndani kina kijiti kinachocheza. Changu hakikulia. Kilikuwa kimejaa tope jeusi, na ule mpira mgumu uliotoka kwenye manifoldi ulikuwa umeziba nusu.

Kila injini inapochoma, gesi kidogo hupenya ringi na kushuka kwenye sampu, hata injini mpya. Gesi hiyo lazima itoke, na njia yake ni kile kivalvu: inavutwa na manifoldi ya hewa, inarudi kuchomwa. Njia ikiziba, mgandamizo unajikusanya ndani na kutafuta mahali dhaifu. Ningeweka gasketi ya dhahabu, ingevuja tu. Nina hakika sasa kwamba uvujaji wote ulianzia hapo, miaka kadhaa iliyopita, na mafundi wote wawili walipita juu yake.

Jumatatu, 14 Julai

Kigoma yote sijapata mipira ya nati wala kivalvu cha 5A. Nimempigia binamu yangu Dar, ameenda maduka ya vipuri ya Kariakoo, upande wa Gerezani. Amenitumia picha, nikamwambia ageuze mipira nione unene. Kivalvu, kishikizi chake cha mpira, mipira 4 ya nati, gasketi nyingine, na mpira wa hewa. Vitapanda basi leo usiku.

Alhamisi, 17 Julai

Kifurushi kimefika, kimefunikwa vumbi la zaidi ya kilomita 1,200. Nimeweka mpira mpya wa nati kando ya wa zamani. Mpya ni karibu mara mbili kwa unene.

Jumamosi, 19 Julai

Mara hii tumeenda kwa utulivu. Mfuniko ulinyanyuka kwa mikono mitupu, na gasketi ya wiki mbili bado ilikuwa laini. Nilitamani kuirudishia lakini nimeweka mpya. Ya wiki mbili imehifadhiwa.

Silikoni nyeusi ya injini, tone la ukubwa wa punje ya maharage, kwenye kila kona ya maungio ya kofia ya kamshafti. Niliipaka nikiwa nimeshatayarisha kila kitu, kwa sababu ikianza kukauka hewani kabla ya mfuniko kukaa, haishiki tena. Mfuniko umeshuka wima, mimi upande huu na mdogo wangu upande ule, bila kuburuta. Mipira mipya, nati, vidole viwili. Safari hii nilihisi tofauti: spana ilizunguka kwa ulaini, mpira ukabonyea, kisha nati ikafika mwisho wake yenyewe. Wiki mbili zilizopita ilifika mwisho mara moja, kwa ukavu, bila kubonyeza kitu.

Kivalvu kipya kinalia njugu. Mpira mpya wa hewa umeingia.

Hatujawasha. Silikoni inataka saa 24 kukauka vizuri, na kesho hakuna safari.

Jumapili, 20 Julai

Tumewasha saa 10 jioni. Kifuniko cha oili kikifunguliwa, badala ya kunipiga usoni, hewa inavuta kidogo: kipande cha karatasi kimejibandika juu ya tundu. Mzee alikitazama kile kipande cha karatasi muda mrefu kuliko kitu kingine chochote kwenye kazi hii, kisha akabeba kigoda chake akaenda nyumbani.

Oili chafu yote tuliyonyonya na mafuta ya taa tuliyooshea vipo kwenye dumu lenye kifuniko. Mfereji wa mtaa wetu unaishia ziwani, sitamwaga humo.

Jumamosi, 2 Agosti

Safari 5 za Simbo na moja ya Kasulu, na milima yake yote. Stiki ipo palepale ilipokuwa tarehe 20. Poda niliyonyunyiza kuzunguka tapeti kava bado ni nyeupe, imeingiliwa na vumbi jekundu tu. Manifoldi haitoi moshi. Yule mama wa Ujiji amechukua madumu 2, akanusa, akalipa.

Nilipokuwa nafuta poda nimeona unyevu mdogo chini ya distributa, upande wa gia boksi. Huenda ni ringi yake ya mpira, au ni oili ya zamani inayoteremka bado. Nimepasafisha, nimepanyunyizia poda, nitapaangalia Jumamosi ijayo.